Vyama vya Mwambao na Bendera ya Sultani

Mtu akisimama Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, huona vitu viwili visivyofanana. Upo mnara wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na msikiti kando yake, mahali ambapo watu wamekuwa wakipeleka ubani na nadhiri zao tangu zamani. Na huko majini zipo gati na meli za shehena zinazoingia bandari ya Kilindini, ambako mizigo ya Nairobi, Kisumu na Kampala hupita. Mnara ni wa wenyeji, na hakuna aliyewahi kuwania jambo hilo. Lakini gati ni za nani? Swali hili liliulizwa kwa ukali mwingi katika miaka ya 1960 hadi 1963, na waliouliza walikuwa vyama vidogo vya siasa ambavyo leo majina yake hayakumbukwi sana, hata Mombasa kwenyewe.

Vyama hivyo viliitwa kwa ujumla vyama vya Mwambao. Kilichojulikana zaidi ni Chama cha Watu wa Pwani, au C.P.P. kwa herufi zake, kilichoongozwa na kijana wa Mombasa, Sheikh Abdilahi Nassir. Kingine kilikuwa Chama cha Taifa cha Himaya ya Kenya, cha Bwana Omar Basaddiq. Wasomaji wengi wamesikia neno "Mwambao" likitajwa kama tusi, na wengine wamelisikia likitajwa kama dai la haki. Ni vema basi kueleza jambo lenyewe tangu asili yake, kwa kuwa bila kujua mkataba wa mwaka 1895 hapana awezaye kufahamu vyama hivi vilitaka nini.

NCHI ILIYOKODISHWA

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar barani. Walikubali kwamba milki yake ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini, yaani kama kilomita kumi na nane na nusu, tangu kusini karibu na mto Ruvuma mpaka Kipini kaskazini, pamoja na visiwa vya Lamu na miji kadhaa ya Benadir. Sultani hakuwamo katika kupatana huko. Aliletewa habari akaombwa akubali, naye hakuwa na la kufanya.

Baada ya hapo kila sehemu ya pwani hiyo ilikwenda njia yake. Wajerumani waliinunua pwani yao mwaka 1890 kwa maki milioni nne. Waitalia waliinunua Benadir mwaka 1905 kwa pauni 144,000. Lakini pwani iliyo baina ya mto Umba na Kipini haikuuzwa, bali ilikodishwa. Mwaka 1887 Sultani Barghash aliwapa utawala wake Waingereza wa kampuni ya Sir William Mackinnon, nayo ikapata hati ya kifalme mwaka uliofuata. Kampuni iliposhindwa na gharama, Serikali ya Uingereza ilishika mahali pake, na tarehe 14 Desemba 1895 Sir Arthur Hardinge na Sultani Hamed bin Thuwaini walitia sahihi mkataba mpya. Uingereza itatawala pwani, Sultani atabaki mwenye nchi, naye atalipwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Pamoja na riba ya fedha nyingine malipo yalifika pauni 17,000.

Tofauti hii ya kununua na kukodi ndiyo mzizi wa mambo yote. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, watu wa Tanga, Pangani na Bagamoyo hawakuwa na swali la bendera, kwa sababu pwani yao ilikwisha kununuliwa miaka sabini kabla. Mtu wa Vanga, ambaye Tanga kwake ni jirani kuliko Mombasa, alikuwa bado anakaa katika nchi ya Sultani. Mtu akikodi nyumba, na siku moja akataka kuondoka, je, ufunguo humrudishia mwenye nyumba, au humpa mpangaji mwenziwe wa chumba cha pili? Wanasiasa wa Mwambao walijibu kwamba ufunguo hurudi kwa mwenyewe. Na kwa maneno ya sheria tu, hoja yao haikuwa ya kupuuzwa.

Si kila mtu wa pwani aliukubali mkataba ule ulipofanywa. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, wa ukoo wa Mazrui, alipigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Lakini baada ya vita hivyo pwani ilitulia. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Maliwali na mamudiri walikaa katika miji, na makadhi walihukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Nchi ilipogeuzwa jina mwaka 1920, bara ikawa Koloni na pwani ikabaki Himaya. Kwa hiyo jina kamili lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Wasafiri wengi waliopanda gari la moshi Mombasa na kushuka Nairobi hawakujua kwamba njiani walikuwa wamevuka kutoka nchi moja kuingia nchi nyingine.

MTU WA PWANI NI NANI?

Hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu, na hapa ndipo vyama vya Mwambao vilipokwama.

Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa makabila na rangi, na kila fungu likapewa haki zake. Waarabu walihesabiwa mbali na Waafrika, wakapata kiti chao katika Baraza la Kutunga Sheria. Waswahili wa Mombasa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, ambao pamoja ni Taifa Kumi na Mbili, hawakujua wawekwe wapi. Watu wa Taifa la Kilindini, ambao asili ya mji wao wa kale ilikuwa upande huo huo wa Mbaraki, walijiona ni wenyeji wa kisiwa kabla ya Mreno na kabla ya Mwarabu wa Omani. Lakini katika daftari za Serikali walihesabiwa "wenyeji" kwa maana nyingine, yaani watu wa daraja la chini katika kodi na kura. Kwa miaka mingi waliandika barua na kuunda jumuiya zao, ili watolewe katika hesabu hiyo. Kwa kweli huu ulikuwa msiba, kwani mtu alilazimishwa kuikana asili yake ili apate haki yake, kisha akalaumiwa kwa kuikana.

Kisha kulikuwa na Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma na wenzao. Hao ndio waliokuwa wengi kuliko watu wote katika pwani, na mstari wa maili kumi ulipita katikati yao. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kulima mmoja ndani ya Himaya na mwingine nje yake, bila ya jiwe wala mti wa kuonyesha mpaka.

Kwao neno Mwambao halikuleta kwanza picha ya bendera. Lilileta picha ya shamba. Mwaka 1908 Serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi katika pwani. Kila mwenye kudai shamba aliamriwa aje na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Waliokuwa na karatasi, mashahidi na mawakili walipata hati za kumiliki milele. Hao walikuwa zaidi Waarabu, baadhi ya Waswahili, na Wahindi. Mamijikenda wengi hawakudai, kwa kuwa kwao ardhi ilikuwa ya mji na ya ukoo, wala haikuandikwa. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyezaliwa chini ya mnazi uliopandwa na babu yake alikuja kuambiwa kwamba mnazi ni wake lakini udongo si wake. Aliitwa skwota. Alilipa ijara, au alikaa kwa ridhaa ya mwenye hati asiyemwona mwaka hata mwaka.

Basi kiongozi wa Mwambao aliposema kwamba watu wa pwani wataonewa na watu wa bara, Mdigo au Mgiriama alikuwa na swali lake. Je, kama bendera ya Sultani ikibaki peke yake, hati zile za 1908 zitakuwaje? Vyama vya Mwambao havikupata jibu la kumridhisha. Vilijitahidi, na walikuwapo Mamijikenda Waislamu, hasa Wadigo, waliojiunga nao au kuunga mkono uhuru wa pwani kwa sababu zao wenyewe. Lakini wengi walimfuata Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama, ambaye chama chake cha pwani kiliungana na vyama vingine huko Ngong mwezi wa Juni 1960 vikawa chama cha KADU.

MADAI YAO

Mwaka 1960 ndipo ilipodhihirika kwamba Kenya itapata uhuru na kwamba Waafrika wengi ndio watakaotawala. KANU ilizaliwa mwezi wa Mei mwaka huo, na KADU mwezi uliofuata. Mwezi wa Februari 1961 palikuwa na uchaguzi wa viti 53, na katika hivyo viti viwili tu viliwekwa kwa Waarabu. Hesabu hiyo ilitosha kuwaonyesha wazee wa Mji wa Kale kwamba siku za liwali zimekwisha.

Walidai nini basi? Wengine walitaka pwani irudishwe chini ya Sultani pamoja na Unguja na Pemba. Wengine, na hao ndio waliokuwa vijana zaidi, walitaka pwani iwe nchi yenye kujitawala, ambayo baadaye ingeweza kuungana na jirani zake katika shirikisho la Afrika Mashariki. Na wengine wangeridhika kwa jambo dogo, kwamba sheria ya Kiislamu, mafundisho ya Kiarabu na hati zao za mashamba zilindwe kwa maandishi. Madai haya matatu yalisemwa na watu wale wale katika mikutano ile ile, na hiyo ilikuwa kasoro yao. Wapinzani wao waliweza kuchagua dai lililo baya zaidi machoni pa wasikilizaji, wakaliweka kinywani mwa wote. Ilisemwa kwamba Mwambao maana yake ni kurudisha utumwa. Neno hilo lilikuwa kali, nalo lilidhuru sana, kwa sababu kumbukumbu ya mashamba ya watumwa ya Malindi na Mombasa ilikuwa bado hai katika nyumba nyingi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Mombasa ya wakati ule haikuwa mji wa wenyeji tu. Makuli wa bandarini na wafanyakazi wa reli, watu ambao migomo yao ya 1947 na 1955 iliitikisa nchi nzima, wengi walitoka bara. Walikaa Majengo, Changamwe na kwingineko. Kwao mpango wa kuifanya Mombasa nchi mbali ulikuwa sawa na kuambiwa kwamba ni wageni mahali pa kazi zao. Na wako Waislamu wa Mombasa, wazaliwa wa mji, waliokuwa KANU tangu mwanzo. Asidhani msomaji kwamba ugomvi huu ulikuwa wa dini mbili.

SIR JAMES ROBERTSON AJA PWANI

Mwaka 1961 Serikali ya Uingereza na Sultani walimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje achungue jambo hili. Alisikiliza watu wa kila upande, kisha ripoti yake ikatolewa mwezi wa Desemba mwaka huo.

Alikataa mpango wa nchi mbali. Sababu zake hazikuwa za historia. Zilikuwa za bandari, reli na maji. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901 ilikuwa mshipa wa Kenya na Uganda. Serikali ya Nairobi haingekubali mlango wake uwe mkononi mwa nchi nyingine, na bandari isiyo na bara nyuma yake ingepungukiwa na shehena. Hata maji wanayokunywa watu wa Mombasa tangu miaka ya 1950 hutoka chemchemi za Mzima, mbali sana nje ya maili kumi. Anayefungua mfereji Mji wa Kale hunywa maji ya bara. Sir James alishauri kwamba mkataba wa 1895 ufutwe kabla ya Kenya kujitawala, pwani iwe sehemu ya Kenya, na Waislamu wapewe dhamana kwa maandishi.

Watu wa Mwambao walisema ripoti hiyo iliandikwa kabla ya safari. Haifai kuwadharau kwa kusema hivyo. Lakini hoja ya Mzima na Kilindini ilikuwa hoja ya kweli, na sijaona mahali walipoijibu vizuri.

Mwezi wa Machi 1962 palifanyika mkutano wa pwani huko London, kando ya ule mkutano mkubwa wa katiba katika jumba la Lancaster. Sheikh Abdilahi Nassir alikuwa mmoja wa waliosafiri. KANU ilitaka pwani iunganishwe mara moja, bila masharti mengi. KADU ya Bwana Ngala nayo ilipinga kutengwa, lakini ilitaka majimbo, yaani pwani yote pamoja na bara yake iwe jimbo moja lenye baraza lake. Kwa mpango huo Mmijikenda angepata serikali ya nyumbani ambamo yeye ndiye mwingi. Hapo C.P.P. ilijikuta katika shimo. Ikipinga majimbo itakuwa imeisaidia KANU, na ikiyakubali itakuwa imeliacha jina lake. Mkutano ule uliondoka bila uamuzi juu ya bendera.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda nchi nzima, na KADU ikashika Baraza la Jimbo la Pwani chini ya Bwana Ngala. Vyama vya Mwambao vilikuwa vimekwisha kuwa sauti ndogo baina ya sauti mbili kubwa.

BARUA ZA OKTOBA

Mambo yalimalizwa kwa haraka. Tarehe 5 Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Bwana Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Sheikh Muhammad Shamte, waliandikiana barua. Tarehe 8 Oktoba mkataba ulitiwa sahihi London: Sultani Jamshid bin Abdullah aliacha milki yake juu ya pwani, kuanzia siku ya uhuru wa Kenya.

Barua zile ni fupi, lakini kila mtu wa pwani angepaswa kuzijua. Serikali ya Kenya iliahidi kwamba kila mtu atakuwa na uhuru wa dini. Mahakama za makadhi zitadumu kwa mambo ya Waislamu ya ndoa, mirathi na mengineyo ya namna hiyo. Watoto wa Kiislamu wataweza kufundishwa Kiarabu. Watawala wa wilaya katika sehemu zenye Waislamu wengi, kwa kadiri iwezekanavyo, watakuwa Waislamu. Na hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa zitaheshimiwa.

Mtu akiyatazama mambo haya matano ataona kwamba vyama vya Mwambao havikutoka mikono mitupu. Dai la kwanza na la pili yalianguka, lakini la tatu lilipatikana karibu lote. Ataona pia kwamba ahadi ya tano, ya hati, ndiyo iliyomfunga Mmijikenda palepale alipokuwa tangu 1908. Aliyefurahi kwa kuondoka bendera nyekundu hakuambiwa kwamba shamba la chini ya bendera lingebaki kwa mwenye hati.

Jambo la namna hii halikutokea Kenya peke yake. Mbali sana, katika Bahari ya Pasifiki, watu wa kisiwa kidogo cha Banaba, ambacho udongo wake wa fosfati ulichimbwa na wageni kwa miaka mingi na watu wake wakahamishiwa Rabi katika Fiji mwaka 1945, waliomba watengwe na visiwa vya Gilbert kabla ya uhuru. Walikataliwa. Nchi mpya ya Kiribati ilipopata uhuru mwaka 1979, Banaba ilikuwa ndani yake, lakini katiba iliwapa watu wa Banaba kiti maalumu bungeni na kinga ya haki zao za ardhi. Mkoloni alipoondoka alipenda kuacha nchi kubwa zaidi badala ya vipande, na vipande vikapewa karatasi. Tofauti ni kwamba Mbanaba alipewa karatasi iliyo ndani ya katiba, na mtu wa pwani ya Kenya alipewa barua, ambayo sehemu yake, kama mahakama za makadhi, iliingizwa katika katiba waziwazi.

BAADA YA BENDERA KUSHUKA

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na Kenya tarehe 12 Desemba. Kwa hiyo kwa siku mbili Mombasa ilikuwa milki ya Sultani aliye huru, ingawa yaelekea hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulifikiri jambo hilo katika pilikapilika za sherehe. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yalitokea Unguja. Sultani Jamshid alikimbia kwa jahazi yake ya kifalme, akataka kuteremka Mombasa, na Serikali ya Kenya ikamkatalia. Bandari iliyokuwa mali ya babu zake ilimfungia mlango. Alikaa Uingereza kwa zaidi ya miaka hamsini, akaenda Omani mwaka 2020, na akafariki huko tarehe 30 Desemba 2024.

Mapinduzi yale yaliua Mwambao kuliko ripoti yoyote. Hapakuwa tena na mwenye nyumba wa kurudishiwa ufunguo. Bila shaka wako waliolala wakishukuru kwamba hawakufuata bendera.

Lakini hata njia ya pili, ile ya majimbo, haikudumu. KADU ilijivunja na kuingia KANU mwezi wa Novemba 1964, na Kenya ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo madaraka ya majimbo yakaondolewa. Kwa muda wa miezi kumi na miwili tu pwani ilikuwa imepoteza Sultani wake, kisha baraza lake. Walioshindana vikali kati ya Mwambao na majimbo walijikuta wote wamekaa katika chama kimoja, wakingoja maagizo ya Nairobi.

Sheikh Abdilahi Nassir mwenyewe aliacha siasa za vyama. Alifanya kazi ya vitabu vya Kiswahili, kisha akawa mwanachuoni mwenye sauti kubwa katika mambo ya dini mpaka kufa kwake mwezi wa Januari 2022. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya kalamu, kwani ndugu zake Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla wote ni washairi wenye kujulikana, na Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya siasa.

Dai lenyewe limerudi mara kwa mara kwa majina mengine. Vyama vingi viliporuhusiwa tena, Chama cha Shirikisho kilisimama pwani na mwaka 1997 kikapata kiti cha ubunge cha Likoni, ng'ambo ya maji kutoka Mbaraki. Kisha likaja Baraza la Jamhuri ya Mombasa, ambalo lilisema wazi kwamba pwani si Kenya, likitoa mikataba ya 1895 na 1963 kama ushahidi. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwezi wa Julai 2012. Vijana waliokwenda kusikiliza kesi wengi wao walikuwa watoto wa Kimijikenda, yaani wajukuu wa watu wale wale waliomfuata Ngala kuupinga Mwambao. Bendera nyekundu hawakuijua. Walilolijua ni shamba.

Katiba ya mwaka 2010 imeziweka mahakama za makadhi katika kifungu chake cha 170, na imeunda kaunti 47, ambazo sita kati yake ziko pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Ule mstari wa maili kumi haumo katika mipaka yake. Ama kuhusu ardhi, mwaka 2013 Serikali ilitangaza kugawa hati 60,000 kwa watu wa pwani, miaka mia moja na mitano baada ya sheria ya 1908, na kesi za mashamba ya wenye hati wasioonekana bado zinaendelea katika mahakama za Mombasa na Malindi.